KABLA HUJAULIZA BEI YA CHUMBA, MTAZAME ULIYE NAYE SAFARINI



Shukrani zote ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake wote.

Ndugu zangu, wiki haipiti bila kupata ujumbe kwenye simu yangu: "Shekhe, naenda Dar, nifikie wapi?" Mmoja anampeleka mzazi Muhimbili. Mwingine anakwenda kufunga mzigo Kariakoo. Mwingine ni kijana ameitwa kwenye usaili wa kazi na hajawahi kufika jijini. Karibu wote huniuliza mambo mawili: bei gani, na msikiti uko karibu? Wachache huongeza la tatu: je, hapo panauzwa pombe?

Hayo ni maswali mazuri, wala sitaki uache kuyauliza. Ila nakwambia hayo si ya kwanza. Swali la kwanza ni hili: katika hao mnaosafiri, nani aliye dhaifu zaidi, na mahali hapo patamtesa au patamsitiri? Ukilijibu hilo, mtaa na chumba vitakuwa rahisi kuchagua. Ukiliruka, unaweza kulala mlango kwa mlango na msikiti na bado ukarudi nyumbani na haki ya mtu shingoni mwako.

Nalisema hili kwa sababu lilinipata mimi mwenyewe, mimi ninayepanda mimbari.

Yaliyonipata

Mwaka 2012 nilimpeleka mama yangu Dar kutoka Tanga. Alikuwa na presha na magoti yalikuwa yamechoka. Tulikuwa na karatasi ya rufaa ya hospitali, na daktari wa kule Tanga alituambia tujiandae kukaa siku kadhaa. Basi lilitushusha Ubungo jioni, maana wakati ule kituo kikubwa kilikuwa bado pale. Mimi nilikwisha amua tangu nyumbani: tutafikia Kariakoo. Kuna misikiti mingi, kuna rafiki zangu wa madrasa, chakula hakina shaka, na bei za gesti nilizijua.

Nikapata chumba ghorofa ya tatu. Lifti hakuna. Choo kilikuwa cha pamoja, mwisho wa korido. Bei ilikuwa nzuri. Nilipofungua dirisha nikasikia adhana ya magharibi, nikasema Alhamdulillah, hapa ndipo. Sikumuuliza mama chochote. Alipanda ngazi akishika ukuta, akipumzika kila baada ya hatua chache, nami nikabeba mabegi mbele nikimwambia, "Tumefika mama, tumefika."

Siku mbili zilizofuata nilifurahi sana. Sala tano nilisali jamaa, safu ya kwanza. Baada ya magharibi nilikaa darsani mpaka isha. Nilikutana na watu niliosoma nao. Chakula nilimletea mama chumbani. Nilipomuuliza, "Mama, hujambo?" alinijibu, "Sijambo mwanangu, nenda tu msikitini."

Siku ya tatu tukawa mbele ya daktari. Baada ya kumpima akamuuliza, "Bibi, unakunywa maji kweli?" Mama akanyamaza. Daktari akasema mwili wake umepungukiwa maji sana, na kwa hali yake hiyo ni hatari.

Tuliporudi, akiwa amekaa kwenye ngazi za ghorofa ya kwanza kupumzika, mama akaniambia kwa sauti ndogo: "Mwanangu, choo chenyewe kiko kule mwisho, na ni cha kuchuchumaa, magoti yangu hayawezi. Na pale mlangoni wanaume wanakaa vifua wazi. Nikinywa maji itabidi niende. Ndiyo nikaona nisinywe." Kisha akaongeza jambo ambalo sijalisahau mpaka leo: "Hata udhu nimeshindwa. Nimekuwa nikitayamamu kwa vumbi la dirishani."

Ndugu zangu, mama yangu ndiye aliyenifundisha kutawadha. Yeye alikuwa akipapasa vumbi la dirisha ghorofani, na mimi mwanawe niko safu ya kwanza nikijiona mcha Mungu. Nilichagua mahali pa ibada yangu, nikamfungia yeye mlango wa ibada yake.

Sitaji gesti ile, wala sina la kuilaumu. Walitangaza chumba cha ghorofa ya tatu na wakanipa chumba cha ghorofa ya tatu. Kosa lilikuwa langu.

Mtume (s.a.w.) alifikia wapi?

Usiku ule nilikumbuka kisa ninachokisomesha watoto kila mwaka. Mtume (s.a.w.) alipoingia Madina, kila ukoo ulitaka afikie kwao. Aliwaambia wamwache ngamia wake aende, kwani ameamrishwa. Akafikia nyumba ya Abu Ayyub al-Ansari (r.a.). Nyumba ile ilikuwa na juu na chini. Mtume (s.a.w.) akakaa chini, na Abu Ayyub na mkewe wakakaa juu. Usiku Abu Ayyub akashtuka: vipi tutembee juu ya kichwa cha Mtume wa Allah? Wakajibana pembeni mpaka asubuhi. Alipomweleza, Mtume (s.a.w.) alimjibu kwamba chini ndiko kwepesi zaidi, na katika sira imekuja kwamba ni wepesi kwake na kwa wanaokuja kumtembelea. Hakuhamia juu mpaka Abu Ayyub aliposhikilia.

Kisa hiki tumezoea kukisoma kwa upande wa adabu ya Abu Ayyub, na ni haki yake. Lakini tazama na upande wa pili. Mbora wa viumbe, alipopewa nafasi ya kuchagua kati ya juu na chini, alitazama wepesi wa watu: nani atakuja, na ataingiaje.

Na imepokewa kwamba safarini alikuwa akibaki nyuma ya msafara, akimsukuma mnyonge aliyechelewa, akimpakia nyuma yake na kumwombea. Mkuu wa msafara anakaa nyuma na mnyonge. Mimi nilikuwa mbele na mabegi.

Na sisi maimamu tumeamrishwa tunaposalisha watu tufanye wepesi, kwa sababu nyuma yetu wamo wazee, wagonjwa na wenye haja. Nikajiuliza: ikiwa hata sala, nguzo ya dini, inafupishwa kwa ajili ya mzee aliye safu ya nyuma, mimi ni nani nisibadilishe mtaa kwa ajili ya mama?

Asubuhi tukahama. Tulipata chumba cha chini Upanga, choo ndani, karibu na hospitali. Kilikuwa ghali zaidi, nikakopa kwa rafiki. Mama alikunywa maji, akatawadha, akasali. Alirudi Tanga akiwa na nafuu, akaishi miaka mingine kabla Allah hajamchukua. Allah amrehemu na awarehemu wazazi wetu wote.

"Shekhe, unatutoa misikitini?"

Najua wapo watakaosema hivyo. Hapana, ndugu yangu. Kukaa jirani na msikiti ni neema, na mtu mzima mwenye afya anayesafiri peke yake namshauri aitafute. Ukifikia Kariakoo una Mtoro na una Manyema. Ukifikia Magomeni una Kichangani. Ukifikia Upanga una Maamur. Dar haina shida ya misikiti, na ukiwa Upanga kwa ajili ya mgonjwa hujahama Uislamu.

Lakini kumbuka msafiri ana ruhusa yake. Aliyetoka Tanga, Dodoma au Kigoma anapunguza sala za rakaa nne na anaweza kukusanya. Katika madhehebu yetu ya Shafii, ukinuia kukaa siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, hapo unakuwa mkazi na unasali kamili. Ijumaa nayo si wajibu kwa aliye safarini. Allah ametupa wepesi huu kwa sababu safari ni uzito. Basi usiukatae wepesi wa Allah kisha ukamtwika mzazi wako uzito ambao Allah hakumtwika.

Na kuhusu pombe: ikiwa zipo nyumba mbili, moja ina baa na nyingine haina, usijiulize mara mbili, chukua isiyo nayo hata kama chumba ni kidogo. Nyumba nyingi za wageni Kariakoo na Upanga hazina mambo hayo, ukiuliza utazipata. Ukibanwa kabisa na mgonjwa na hujapata nyingine, kodi chumba cha kulala, jiepushe na meza zao, na ukipata nafasi uhame. Wallahu a'lam.

Dhaifu wa msafara wako ni nani?

Kila msafara una wake. Chukua mifano hii.

Unampeleka mgonjwa. Kwanza soma karatasi ya rufaa vizuri. Muhimbili ziko mbili: ya Upanga, katikati ya jiji, na ya Mloganzila, nje kabisa upande wa Kibamba. Kati yake ni zaidi ya kilomita 20 na foleni ya Barabara ya Morogoro. Nimewaona watu wamefikia Kariakoo na kliniki yao iko Mloganzila, mgonjwa anaamshwa alfajiri kila siku kupanda magari. Kama ni Mloganzila, tafuta upande wa Mbezi na Kibamba. Basi lako nalo linaishia Kituo cha Magufuli pale Mbezi, kwa hiyo huna haja ya kuingia mjini. Kama ni Upanga, au Ocean Road kwa wagonjwa wa saratani, hapo ndipo utafute Upanga na mitaa ya karibu.

Umefuatana na mkeo na mtoto mchanga. Dhaifu ni yule mama anayenyonyesha. Anahitaji choo cha ndani, maji ya moto, mlango unaofungika, na usiku wenye utulivu. Kariakoo mchana ni biashara na usiku malori yanashusha mizigo. Wewe utalala kwa uchovu wa kuzunguka madukani, yeye atakesha. Mtafutie Magomeni au Ilala mtaa wa ndani, wewe upande mwendokasi au bajaji kwenda sokoni.

Ni mfanyabiashara na una fedha za watu. Dhaifu ni ile amana. Usilale mahali ambapo kila anayekuuzia mzigo anajua chumba chako. Lipa kwa simu au benki, usilale na mafurushi ya noti chini ya mto. Hapo kukaa Kariakoo kwenyewe kuna maana, kwa sababu hubebi mzigo usiku ukivuka jiji. Lakini chagua nyumba yenye mlinzi na kitabu cha wageni kinachoandikwa kweli. Gesti bubu haina kitabu, haina leseni, na likitokea jambo hakuna wa kumuuliza.

Ni kijana na uko peke yako. Utaniambia, "Shekhe, mimi nina nguvu, sina dhaifu." Unaye, kijana wangu. Dhaifu wako ni nafsi yako. Ipo mitaa ya starehe ambayo majina yake unayajua kabla hata hujapanda basi. Loji zake ni nyingi na baadhi ni rahisi, nawe utasema unakwenda kulala tu. Usijiamini hivyo. Nyumbani unalindwa na macho ya watu wanaokujua. Kule hakujui mtu ila Allah. Fikia mahali ambapo ukitoka usiku kununua maji unakutana na watu wanatoka kusali isha.

"Mimi nalala popote, nimemtegemea Allah"

Ndugu, Umar bin Khattab (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia kuna tauni, aliamua kurudi. Akaulizwa: unakimbia makadirio ya Allah? Akajibu kwamba tunatoka kwenye makadirio ya Allah kwenda kwenye makadirio ya Allah. Akatoa mfano wa mtu mwenye ngamia na bonde lenye pande mbili, mmoja una malisho na mwingine mkavu. Popote atakapolisha ni kwa makadirio ya Allah. Na mwenye akili analisha penye majani.

Kuchagua pa kulala ni sunna. Mtume (s.a.w.) aliwakataza wasafiri kupiga kambi njiani usiku, kwa kuwa njia ni mapito ya wanyama na wadudu. Akaamrisha milango ifungwe na taa za moto zizimwe wakati wa kulala ili watu wasiungue. Sisi leo tunaingia jengo lenye ngazi moja tu, limejaa maboksi ya bidhaa mpaka kwenye korido, tunalala bila kuuliza tutatokea wapi moto ukiwaka. Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021. Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo hiyo hiyo na Waislamu na wasio Waislamu wakapoteza maisha. Ajali ni ya Allah, lakini kutazama kwa macho ni kazi yako.

"Hela hatuna, Shekhe"

Hili ndilo zito, na sitalipita. Wengi wetu hatuna. Lakini piga hesabu yote. Chumba cha mbali kinaweza kuwa pungufu shilingi 10,000, na bajaji ya mgonjwa kwenda na kurudi ikala hiyo 10,000 na zaidi. Hapo hujaokoa kitu, umemchosha mgonjwa tu.

Wengine tunakimbilia kwa ndugu, Chanika au Mbagala, na kliniki iko Upanga asubuhi na mapema. Undugu ni mzuri, na haki ya mgeni katika dini ni siku tatu. Lakini tumefundishwa pia tusikae mpaka tukamtia mwenyeji dhiki. Mpigie kabla, mwambie ukweli ni siku ngapi. Kama nyumba yake ni vyumba viwili na watoto sita, mtembelee, kula naye, mwombee, kisha nenda kalale karibu na hospitali.

Na kama kweli hakuna fedha, sema msikitini. Tunachangia mazulia, tunachangia feni, Alhamdulillah. Kumchangia mgonjwa chumba cha chini chenye choo ndani kwa usiku watatu ni sadaka, na huenda ikawa nzito kuliko feni kwenye mizani.

Piga simu, uliza haya

Picha za mtandaoni zinaonyesha kitanda na taulo. Hazionyeshi ngazi. Kabla hujatuma fedha, piga simu uulize:

1. Chumba kiko ghorofa ya ngapi? Lifti ipo, na leo inafanya kazi? Umeme ukikatika je?

2. Choo kiko ndani? Ni cha kukaa au cha kuchuchumaa? Maji yanatoka muda wote?

3. Chini ya jengo na jirani kuna nini usiku? Baa, ukumbi wa muziki, stoo?

4. Gari linafika mlangoni? Mitaa mingi ya Kariakoo mchana imejaa meza za machinga, teksi inakuacha mbali, na mgonjwa hatembei.

5. Njia ya kutokea ni moja au mbili? Mlango unafungwa kwa ndani?

Ukifika, ukague chumba kabla ya kulipa, uandike jina lako la kweli kitabuni, umjulishe mtu mmoja nyumbani uko wapi, kisha soma ile dua ya kuteremkia mahali, ya kujikinga kwa maneno ya Allah yaliyotimia. Wafundishe na watoto wako.

Kwetu, baada ya yaliyonipata, tulianzisha daftari msikitini. Kila anayerudi kutoka Dar, awe alikwenda kwa matibabu au biashara, anaandika alifikia wapi, ghorofa gani, choo kikoje, bei gani, na kama angempeleka mama yake hapo. Ni safu moja tu ya mwisho, lakini ndiyo watu wanayoisoma kwanza. Sasa mtu akiniuliza "nifikie wapi?" simjibu kwa kukisia. Namwambia njoo usome. Anzisheni na ninyi misikitini kwenu. Daftari na kalamu havizidi shilingi elfu chache.

Na wewe unayesoma hapa, kama una mzazi unayetarajia kusafiri naye, usimuulize "Hujambo?" kisha ukaridhika na "Sijambo". Wazazi wetu wataficha mpaka kiu. Muulize: umekunywa maji? Choo unakiweza? Umelala? Allah ametukataza hata kuwaonyesha wazazi kwa neno dogo kwamba tumewachoka. Basi tusiwaonyeshe hivyo kwa chumba.

Allah atusamehe tuliyoyafanya kwa kutojua, awaponye wagonjwa wetu, awarudishe wasafiri wetu salama, na awarehemu mama zetu waliotangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Msambazie mwenzako aliye na safari wiki hii.